Kupotea kwa Mara ya Arobaini na Nne

Hadi asubuhi ile ya Jumatano, Boazi Nzunda alikuwa amekwisha kupotea mara arobaini na tatu, zote kwa hiari yake na akiwa na akili timamu.

Alipotea kwenye mibuni ya baba yake kule Ruanda ya Mbozi, akalala kifudifudi mpaka siafu wakamzoea. Alipotea kwenye mahindi ya jirani, jirani akamtoa mbio na fimbo akidhani ni mwizi. Alipotea ndani ya tangi bovu la maji, nyuma ya mashine ya kukoboa, juu ya mparachichi, na mara moja makaburini, jambo lililomfanya mama yake, Tumpe, aitishe sala ya familia kwa jioni tatu mfululizo. Cheo chake rasmi kilikuwa Mpotevu. Hakikuwa na mshahara, hakikuwa na sare, na katika nyumba ya mzee wa kanisa hakikuwa na sifa yoyote. Lakini Boazi alikishika kwa uaminifu ambao viranja wengi wa bweni wangeuonea haya, kwa sababu moja tu: kila alipopotea, aliyekuja kumtafuta alikuwa Raudha.

Tuseme ukweli, aliyefika kwanza alikuwa mbwa. Alikuwa na rangi ya chai ya maziwa na sikio moja lililogoma kusimama. Angetokeza pua kwenye majani, angeketi kitako mbele ya Mpotevu, halafu angebweka mara tatu, maana yake mtu yuko hapa, njooni. Kisha ndipo angetokea Raudha akihema, mtandio umemwangukia mabegani, jasho linametameta juu ya mdomo, naye angepiga kofi moja na kusema, "Kapatikana!"

Mtu akishalisikia neno hilo kutoka kinywa kile mara arobaini na tatu, hana tena hamu ya kukaa mahali anapojulikana.

Mambo haya hayakuanza kama mchezo. Miaka miwili nyuma, babu yake Boazi, mzee Enoka, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, aliondoka nyumbani kwenda kuwatazama mbuzi na hakurudi. Kijiji kizima kilimtafuta kwa filimbi na masufuria. Kikundi cha huduma ya kwanza kikaja kutoka Tunduma, na ndani yake alikuwamo binti mmoja aliyevaa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Siku ya nne walimkuta mzee kwenye korongo, hatua mia tano kutoka mlangoni kwake. Hakuwa hai. Watu walilia, wakajifunga vitambaa puani, wakambeba. Yule binti wa mabuti alibaki ameketi ukingoni.

"Tulipita hapa, sivyo?" alimuuliza Boazi.

"Mara mbili."

"Mbwa asingepita," alisema.

Mwaka uliofuata Raudha, maana ndiye huyo, alirudi kutoka Arusha akiwa na cheti cha kufundisha mbwa wa kutafuta watu, na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Akawa anahitaji mtu wa kujificha. Boazi akamwambia, "Basi nipoteze mimi." Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya mapenzi aliyowahi kumwambia mwanamke, na wala hakujua kwamba ndiyo hayo.

Sasa, kila mapenzi yana baba. Baba wa haya aliitwa Mzee Athuman.

Mzee Athuman alifika Tunduma kutoka Muheza miaka ishirini na tano iliyopita akiwa utingo, akilala juu ya mizigo ya watu. Sasa alikuwa na malori kumi na moja, yadi yenye geti la chuma, na baraza ambalo kutoka kwake aliweza kuona kila kitu isipokuwa moyo wa binti yake. Siku Raudha alipoingia na kile kikapu, mzee alisimama barazani akanguruma, "Nani kakupa kibali cha kuleta mbwa kwangu?"

Raudha akamnyanyua yule mtoto wa mbwa kwa mikono miwili. "Huyu hapa, Baba. Kibali."

Na jina likabaki hilo.

Mzee alikwenda kwa sheikh. Sheikh akamwambia mbwa wa kazi hana tatizo, alale nje, na chombo atakachokilamba kioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Tangu hapo Raudha aliweka ndoo ya udongo safi kando ya bomba, na kila jioni aliosha mikono na vyombo vya kazi akihesabu kwa sauti ili baba asikie. Moja hadi sita alizihesabu kwa adabu. Ya saba aliipigia kelele.

Aliposhindwa kwa sheikh, mzee akahamia kwa majirani. Watu wanasema, alisema. Watu wanasema binti wa Athuman anashinda Mbozi akikimbia vichakani. Shangazi Stumai kule Muheza alikuwa ameshapata mtu, mtulivu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tiketi ya basi la Jumamosi ilikuwa mfukoni. Lakini Mzee Athuman, pamoja na ukali wake wote, alipenda kushinda kwa haki, maana ushindi wa haki husimuliwa kwa muda mrefu zaidi.

"Nitajificha mimi mwenyewe, humu humu yadini," alimwambia binti yake. "Mbwa wako akinipata, tiketi naichana. Asiponipata, Jumamosi unapanda basi, na yeye anakwenda kulinda ghala la mbolea, kwa kamba fupi."

"Malori kumi na moja tu, Baba?" Raudha alimjibu. "Azima na ya jirani."

Ndiyo sababu Jumatano hiyo saa nne asubuhi, upepo wa Tunduma ukirusha vumbi la barabarani hadi kwenye meno ya watu, Boazi alikuwa amesimama karibu na mapipa ya dizeli ndani ya yadi ya mtu asiyemjua, amevaa shati la kanisani. Raudha ndiye aliyempigia simu. "Njoo," alisema. "Nikishinda nataka uone." Kwa mara ya kwanza katika historia ya cheo chake, Mpotevu alikuwa amekuja kutazama mwenzake akipotea.

Yadi ilijaa. Madereva, matingo, mama mmoja wa chapati aliyeacha jiko lake likiungua, na madereva wawili wa Zambia waliokuwa wanasubiri karatasi zao na hawakuwa na jambo jingine la kufanya na maisha yao. Fundi mkuu wa yadi, Sufiani, mtu mnene mwenye sauti ya kuomba radhi, alileta kofia ya mzee ndani ya mfuko wa plastiki, akiibeba kwa vidole viwili kama mtu aliyekabidhiwa mtihani wa taifa.

"Bosi ameshajificha," alitangaza. "Mimi mwenyewe nimegeuzwa uso ukutani nisione."

Raudha alipiga goti kando ya Kibali. Alikuwa na yale mabuti, suruali pana, gauni hadi magotini, na mtandio wa kijani ulioshikwa na pini tatu kwa ajili ya upepo. Kabla ya kufungua mfuko aliinua macho, akayapitisha kwenye ule umati, yakamfikia Boazi, yakatua. Hayakukaa hata nusu dakika. Boazi alihisi joto linampanda kutoka shingoni hadi masikioni, akajifanya anasoma maandishi kwenye pipa. Maandishi yalisema HATARI.

Kibali alitumbukiza pua ndani ya kofia. Akapiga chafya.

"Tafuta!" alisema Raudha.

Mbwa aliondoka kama aliyechelewa. Alipita chini ya tela la kwanza, akazunguka la pili, akakata kona kwenye matairi ya zamani. Pua chini, mkia juu. Watu waligeuka pamoja naye. Kwenye lori la sita, lililofunikwa turubai la bluu, alisimama ghafla. Akanyanyua pua. Akavuta hewa mara mbili, ndefu.

Boazi alinyoosha shingo aone vizuri.

Kisha mbwa akashusha kichwa, akatoka kwenye kivuli cha lori, akaikata yadi kwa mstari ulionyooka kama rula, akapenya katikati ya miguu ya mama wa chapati, akaketi kitako mbele ya Boazi.

Akabweka mara tatu.

Halafu dereva mmoja wa Zambia akasema kwa heshima ya kwao, "Mukwai! Mzee amegeuka kijana!" na yadi nzima ikapasuka.

"Nenda," Boazi alinong'ona bila kutikisa midomo. "Si mimi. Nenda, wee!"

Kibali aliinamisha kichwa upande wa sikio bovu, akasubiri mpira wake wa soksi, ambao ndio zawadi yake kila mtu anapopatikana. Machoni mwake hamkuwa na shaka hata kidogo. Kazi imekwisha, mtu huyu hapa, mnacheka nini?

Raudha alimwita, akamnusisha kofia upya. "Tafuta!" Safari hii mbwa hakujisumbua hata kuzunguka. Alikwenda moja kwa moja, akaketi, akabweka tatu, na ili kuondoa utata akaweka mguu mmoja juu ya kiatu cha Boazi.

Boazi alitazama juu, akakutana na uso wa Raudha. Uso ulikuwa umempauka. Alikuwa ameelewa, na kwa kumwona ameelewa, yeye naye akaelewa. Mara arobaini na tatu mbwa alinusishwa sweta lile lile la Boazi. Mara arobaini na tatu aliambiwa tafuta, na mwisho wa kutafuta akamkuta Boazi. Kwa mbwa mwenye akili, somo lilikuwa wazi. *Tafuta* maana yake ni *kamlete Boazi*. Kofia, sweta, karatasi ya ushuru, unusishwe chochote. Watu wanataka Boazi.

Turubai la bluu lilitikisika. Mzee Athuman alishuka taratibu kutoka lori la sita, vumbi la saruji kwenye ndevu, akiwa na uso wa mtu aliyeshinda uchaguzi bila mpinzani.

"Nimelala mle kama gunia," alisema. "Hata nzi hakuja kunitafuta." Akajipangusa. "Haya. Mbwa kashindwa."

"Mbwa hajashindwa," Raudha alisema. "Kafanya nilichomfundisha."

"Ulimfundisha kumtafuta nani?"

Raudha aliirudisha kofia kwenye mfuko wa plastiki.

"Nauliza kwa faida ya hadhira."

"Arusha mwalimu wetu alituambia," alisema Raudha. "Kila siku ajifiche mtu mwingine. Mzee, mtoto, mnene, mwembamba, mvuta sigara, mama wa sokoni. Ukimtumia mtu mmoja, mbwa atamjua mtu mmoja. Niliandika kwenye daftari. Nikapigia mstari mwekundu."

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikamtumia mtu mmoja."

"Tunduma hii!" Mzee alinyoosha mkono kuelekea barabarani, ambako foleni ya malori ilienda hadi macho yanapochoka. "Mji huu hata nafasi ya kupiga chafya hakuna. Na Mbozi yote ile. Ulikosa watu wengine?"

"Sikuwakosa, Baba."

"Sasa?"

Raudha alikunja mkono wake kwenye kamba ya mbwa. Alimtazama baba yake usoni, si miguuni kama alivyolelewa.

"Sikuwataka."

Mahali fulani breki za upepo zilipumua, pssss. Hakuna aliyecheka. Mama wa chapati alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga. Boazi, mpasuaji wa kuni, mbeba magunia, kijana aliyewahi kulala makaburini bila kuogopa, alijikuta amebana mikono ubavuni kama aliyeitwa mbele ya paredi ya asubuhi.

Mzee Athuman aligeuka polepole. Ilikuwa mara ya kwanza anamtazama.

"Na wewe ndiye nani?"

"Boazi Nzunda, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wa wapi?"

"Ruanda, mzee. Mbozi."

"Unafanya kazi gani?"

"Kahawa, mzee." Boazi akafikiri, akaona si vizuri kuficha nusu ya wasifu wake. "Na kupotea."

Utingo mmoja alikohoa kwa nguvu.

"Mara ngapi?"

"Arobaini na tatu. Leo ya arobaini na nne, ingawa leo sikuwa nimejificha."

"Dini?"

"Ninayo, mzee. Si ya kwako, na sitakudanganya kwamba ni ya kwako ili unipende leo."

"Sijasema nakupenda!"

"Ndiyo, mzee."

"Mama yako anajua habari hizi?"

"Anajua napotea. Leo jioni nitamwambia ni kwa ajili ya nani. Nadhani atapiga kelele kuliko wewe."

Mzee alipangusa saruji iliyobaki ndevuni. Halafu akageuka kwa binti yake, akatoa tiketi mfukoni, akaishika juu watu waione. "Tulipatana," alisema. "Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, basi la Muheza. Shangazi yako anakupokea stendi. Neno ni neno."

"Sitapanda."

"Uliahidi, Raudha."

"Niliahidi. Na sasa naivunja ahadi yangu hapa hapa, mbele ya watu wako wote, saa nne asubuhi, ili kesho usiseme nilitoroka." Alivuta pumzi. "Ukinifukuza nyumbani, nitapanga chumba mtaa wa Sogea. Ukiniambia nimekuaibisha, nitakuomba radhi kwa aibu, lakini si kwa nilichofanya. Nimekosea kumfundisha mbwa. Kosa langu, langu peke yangu, na nitalirekebisha. Kumpenda huyu si kosa, kwa hiyo hilo sitalirekebisha."

"Rau—"

"Sijamaliza, Baba. Mvua zikianza kuna mzee mwingine atatoka kwenda kutazama mbuzi. Ikinga, Ruanda, popote. Watu watapiga masufuria siku nne. Watapita juu yake mara mbili. Na mimi nitakuwa wapi? Muheza, nauza misumari?"

Mzee Athuman aliikunja tiketi, akaikunjua. Ndipo Sufiani, fundi mkuu, alijongea pembeni yake akijifuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu.

"Bosi, samahani."

"Nini?"

"Yule mbwa alisimama kwenye lori lako. Mara ya kwanza. Mimi nilimwona."

"Alisimama?"

"Alisimama, akanyanyua pua pale pale ulipolala. Akavuta hewa. Kisha ndiyo akaondoka."

Mzee alikunja uso. Alilitazama lori la sita. Akamtazama Kibali, ambaye bado alikuwa ameuweka mguu wake juu ya kiatu cha Boazi.

"Yaani alijua nimo?"

"Alijua, Baba," alisema Raudha. "Alikupata kabla hujapiga miayo ya pili. Alidhani si wewe unayetakiwa."

"Alinipata," mzee alirudia, "akaniacha."

"Ndiyo."

"Akamchagua huyu wa kahawa."

"Ndiyo, Baba."

Hapo lilionekana jambo ambalo Boazi angelikumbuka kwa miaka mingi. Mzee Athuman alikuwa tayari kumvumilia mbwa mjinga. Mbwa mjinga angepelekwa ghalani na mambo yangekwisha. Lakini mbwa mwenye pua timamu, aliyemnusa mwenye malori kumi na moja, akamtathmini, akampita, huyo alikuwa amemtukana. Na tusi kama hilo haliachwi likakaa.

"Anaweza kufundishwa upya?" aliuliza kwa ukali.

"Anaweza. Miezi mitatu. Kila siku mtu mwingine."

"Siku tisini," alisema mzee. "Siku ya tisini nitajificha tena, na safari hii ataniheshimu. Tiketi hii naiweka, siichani." Aliirudisha mfukoni. "Lakini kuna sharti. Huyu kijana asionekane. Asikanyage Tunduma hii. Asipige simu. Mbwa asimwone, wewe usimwone."

Raudha alimgeukia Boazi. Kwa kitambo kidogo ukali wote ulimtoka usoni, akabaki yule binti wa ukingoni mwa korongo. Boazi alijua jibu kabla ya yeye kulisema, kwa sababu alikuwa amemsikiliza akisoma lile daftari, usiku mwingi, kwenye simu.

"La mbwa ni kweli," Raudha alimwambia kwa sauti ya chini. "Hata mwalimu wangu angesema hivyo. Ukiwa karibu hatatafuta mtu mwingine. Mpaka ajue kuwa dunia ina watu wengine, usimkaribie. Siku tisini."

"Naelewa."

"Inauma."

"Naelewa na hilo."

Raudha akamgeukia baba yake, na ukali ukarudi kazini. "Mbwa hatamwona. Hilo ni la kazi, nimekubali. Simu haina harufu, Baba. Na mimi sina haja ya kufundishwa upya. Kuhusu mimi umesema, na nimesikia, na jibu ni hapana."

"Unanijibu hivyo mbele ya mafundi wangu?"

"Ulitaka hadhira, Baba. Ndiyo hii."

Mama wa chapati alisema "Haki ya Mungu!" na hakuna aliyejua yuko upande gani.

Boazi aliona zamu yake imefika. Alitoa mguu wake taratibu chini ya mguu wa mbwa, akasogea hatua tatu, akasimama mbele ya Mzee Athuman kwa umbali wa heshima.

"Mzee, siku ya tisini na moja nitakuja na wazee wangu. Mchana, kupitia geti kubwa."

"Nani kakualika?"

"Hakuna, mzee. Ndiyo maana nakwambia mapema."

"Na nikilifunga geti?"

"Tutakaa nje. Baba yangu ni mzee wa kanisa, amezoea ibada ndefu. Tutakaa mpaka ufungue. Tutazungumza dini, tutazungumza mila, tutazungumza hata mbwa ukitaka. Usipotaka kabisa, Vwawa kuna ndoa ya bomani. Lakini ningependa kuanzia kwako, mzee."

Mzee Athuman alimtazama kuanzia shati la kanisani hadi kwenye alama ya mguu wa mbwa juu ya kiatu. "Huyu mtoto hana adabu," alimwambia Sufiani.

"Amesema shikamoo, bosi," Sufiani aliomba radhi.

"Ondoka," mzee alimwambia Boazi. "Siku tisini zako zimeanza. Nenda."

"Namsindikiza," alisema Raudha.

"Humsindikizi popote! Nimesema mbwa asimka—"

"Mbwa asimkaribie, ndiyo. Ni sharti lako, na ni sharti zuri." Alimfunga Kibali shingoni, akanyoosha mkono, na ndani ya mkono ilikuwa ncha ya ile kamba, kavu, ndefu, imesukwa kwa katani. "Kwa hiyo siwezi kwenda naye hadi getini. Nishikie, Baba."

"Mimi?"

"Sufiani anaogopa mbwa."

"Ni kweli, bosi," alisema Sufiani, ambaye hakuwa anaogopa mbwa.

Mzee alitazama huku na huku, watu wote wakawa ghafla wanayashughulikia sana matairi. Na kwa kuwa sharti lilikuwa lake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa ameshajisifia neno ni neno, Mzee Athuman wa Muheza alichukua ile kamba. Aliishika kwa ncha, mkono umenyooka mbali na mwili, kama mtu aliyeshika waya asiyejua kama una umeme. Kibali alimtazama kwa adabu, akaketi.

Kutoka kwenye mapipa ya dizeli hadi getini ni hatua mia moja hivi. Raudha na Boazi walizitembea kwa mwendo wa lori lenye mzigo kamili linalopanda mlima. Hatua kumi za kwanza walikwenda sambamba, mikono imeshushwa, kama watu waliotumwa na ofisi. Hatua ya kumi na moja Raudha akamshika mkono. Hakuangalia nyuma kuona kama wanaonwa. Walikuwa wanaonwa na watu wasiopungua thelathini.

"Raudha!" baba alipaza sauti kutoka nyuma. "Anavuta!"

"Ishike kwa mikono miwili, Baba!" alijibu bila kugeuka.

Kiganja chake kilikuwa kimekakamaa kwa kamba, na kilikuwa cha moto. Boazi alitaka kusema mambo mengi. Alitaka kusema kwamba kahawa itakuwa imekwisha kuvunwa siku ile ya tisini na moja, kwamba atamwambia mama yake jioni hii hii kabla ya chakula, kwamba hakuna mahali pa kujificha duniani patakapokuwa na ladha tena. Alichosema ni, "Mnene ni muhimu. Anza na Sufiani."

"Nitaanza na Sufiani."

"Na kwenye mibuni kuna siafu."

"Najua. Nilikutoa wengine mgongoni."

"Raudha! Sasa kakaa, halafu ananitazama! Anataka nini?"

"Mwambie vizuri, Baba! Msalimie!"

Walifika getini. Nje malori yalinguruma, bodaboda zilipita zikipiga honi, mlinzi akajifanya anakagua kufuli. Raudha alimwachia mkono, akarudisha mtandio kichwani, akachomeka pini yake ya tatu iliyokuwa imefunguka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Haya," alisema. "Usipotee."

Kila mtu husema hivyo akiagana na mwenzake, stendi, misibani, kwenye simu. Ni neno la kufungia mlango tu. Boazi alikuwa amelisikia maisha yake yote, na hakuwahi kulisikia kabla ya leo.

"Na nikipotea?"

"Nitakuja mwenyewe," alisema Raudha. "Mbwa nitamwachia Baba."